Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Namba 4,294,967,297, ambayo kwa maneno husomwa bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba, ina tarakimu kumi tu, na kompyuta ya kawaida humaliza kuichunguza kwa muda usioweza hata kuhisiwa. Hata hivyo, ni namba chache sana zilizopata kuchunguzwa kwa makini kama hii, kwa sababu kosa lililofanywa juu yake katika karne ya 17 na sahihisho lililofuata katika karne ya 18 viliwafundisha wanahisabati jambo ambalo ukubwa wa namba huelekea kulificha: kwamba asili ya namba hutambulika kwa namna ilivyoundwa kuliko kwa wingi wa tarakimu zake, na kwamba namba kubwa iliyoundwa kwa kanuni rahisi inaweza kuchunguzwa kwa urahisi kuliko namba ndogo isiyo na kanuni yoyote.

Kanuni iliyoiunda namba hii ni fupi. Chukua 2, uizidishe kwa yenyewe hadi ziwe 2 thelathini na mbili katika zao moja, jambo linaloandikwa 2³² na kusomwa mbili kwa kipeo cha 32. Zao hilo ni 4,294,967,296, na ukiongeza 1 namba inayohusika inapatikana. Kipeo chenyewe, 32, nacho ni zao la 2 tupu, yaani 2⁵, na kwa hiyo namba hii ni ya sita katika msururu unaoanza kwa kipeo cha 1, kisha 2, 4, 8, 16 na 32, ambao wanachama wake huitwa namba za Fermat na huandikwa F₀, F₁, F₂ na kuendelea. Namba tano za mwanzo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kila moja huzaa inayofuata kwa kutoa 1, kupiga mraba, na kuongeza 1 tena: 65,536 kwa 65,536, jumlisha 1, ndiyo F₅, namba inayozungumziwa hapa.

Pierre de Fermat, aliyekuwa mwanasheria na hakimu wa mahakama kuu ya Toulouse kusini mwa Ufaransa, hakuwahi kufundisha hisabati wala kuchapisha kitabu juu ya namba. Elimu yake iliwafikia wenzake kwa barua. Katika barua za mwaka 1640 alimweleza mwanahisabati mwenzake Frénicle de Bessy kwamba anaamini kila namba ya msururu huo ni tasa, yaani ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, na alikiri kwamba hana uthibitisho. Imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa kweli. Msururu ulipofika F₅, hata hivyo, kuhakikisha hakukuwa tena kazi ya mchana mmoja, maana namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha F₅ kimezidi 65,536 kidogo mno. Chini ya hapo zipo namba tasa 6,542, na mtu anayetaka kuthibitisha kwa nguvu ya mkono kwamba F₅ ni tasa atapaswa kugawanya mara 6,542 bila kukosea hata mara moja.

Suala hili lilikaa hadi tarehe 1 Desemba 1729, siku ambayo mwanahisabati Christian Goldbach, mwishoni mwa barua yake kwa Leonhard Euler, aliuliza kama Euler anaijua dhana hiyo ya Fermat. Euler alikuwa na umri wa miaka 22 na alikuwa akifanya kazi katika chuo cha sayansi cha St. Petersburg. Mwanzoni hakuonyesha shauku kubwa, lakini swali halikumwachia, na mwaka 1732 alitangaza kwamba F₅ si tasa kwa kuwa inagawanyika kwa 641:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Msomaji mwenye karatasi na kalamu anaweza kulihakiki zao hilo kwa dakika chache, na ni vema afanye hivyo, kwa sababu thamani ya tangazo la Euler iko hapo: kukipata kigawo ni kazi, ila kikishapatikana kila mtu anaweza kukithibitisha bila kumwamini yeyote. Namba 641 ni ya 116 katika orodha ya namba tasa, kwa hiyo hata mtu asiye na ujuzi wowote, ambaye angeanza na 3 na kusonga mbele kwa subira, angeifikia baada ya migawanyo zaidi kidogo ya mia moja. Euler hakuhitaji hata hiyo. Makala yake ya 1732 haikueleza namna alivyoipata 641, lakini katika makala ya baadaye alithibitisha kanuni inayofungua siri yote, na kanuni hiyo inastahili kuelezwa polepole.

Hebu ichukuliwe kwamba namba tasa fulani, iitwe p, inaigawa F₅ bila baki. Maana yake ni kwamba 2³² ikigawanywa kwa p hupungukiwa 1 tu kabla ya kugawanyika sawasawa, hali ambayo wanahisabati huiandika kwa kusema baki lake ni −1. Baki hilo likipigwa mraba huwa 1, na kwa hiyo 2⁶⁴ ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Vipeo vya 2 vinavyobakiza 1 huwa vyote ni vigawe vya kipeo kilicho kidogo kuliko vyote vyenye sifa hiyo. Kipeo hicho kidogo lazima kiigawe 64, lakini hakiwezi kuigawa 32, kwa sababu kingekuwa kinaigawa 32 baki la 2³² lingekuwa 1 badala ya −1. Namba pekee inayoigawa 64 bila kuigawa 32 ni 64 yenyewe. Sasa iko kanuni nyingine isemayo kwamba, ikiwa p ni namba tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 ikigawanywa kwa p hubakiza 1 daima; kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 64, na kila kigawo tasa cha F₅ lazima kizidi kigawe fulani cha 64 kwa 1.

Matokeo yake ni makubwa. Katika safu ya 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641, namba zilizo tasa ni 193, 257, 449, 577 na 641 peke yake, na kwa hiyo mgawanyo wa tano ndio unaotoa jibu. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas aliibana kanuni zaidi kwa kuonyesha kwamba badala ya 64 inaweza kuwekwa 128, na kwa kipimo hicho zinabaki 257 na 641 tu. Na kwa kuwa 257 ni F₃, na namba mbili tofauti za Fermat haziwezi kushiriki kigawo chochote kikubwa kuliko 1, hata 257 inaondoka. Kutoka 116 hadi tano, kutoka tano hadi mbili, kutoka mbili hadi moja: namba ni ile ile, wala haikupungua hata tarakimu, bali kilichoongezeka ni ufahamu wa jinsi ilivyoundwa.

Jambo linaloshangaza, na ambalo kila anayeandika historia ya namba hulazimika kusimama mbele yake, ni kwamba kanuni ile nyingine iliyotumika hapo juu, inayohusu kipeo cha p − 1, ni ya Fermat mwenyewe, na aliieleza katika barua ya mwaka huo huo wa 1640. Zaidi ya hayo, aliitumia kwa njia hiyo hiyo juu ya namba 2³⁷ − 1, ambayo ni 137,438,953,471, akatambua kwamba vigawo vyake tasa lazima vizidi kigawe cha 37 kwa 1, na akakipata kigawo 223, ambacho ni 6 × 37 + 1. Mtu aliyeishinda namba ya tarakimu kumi na mbili kwa chombo hicho alikuwa na uwezo kamili wa kuishinda ya tarakimu kumi. Inawezekana alijaribu akakosea katika mgawanyo mmoja, na inawezekana uzuri wa msururu wake ulimtosheleza. Barua zilizobaki hazisemi. Lisilo na shaka ni kwamba silaha iliyoiangusha dhana yake ilitoka katika ghala lake.

Kwa namba 641 kuna pia uthibitisho mfupi usiohitaji mgawanyo wowote, unaotegemea kwamba namba hiyo inaweza kuandikwa kwa sura mbili. Ya kwanza ni 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1, na ya pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kutokana na sura ya kwanza, 5 × 2⁷ ikigawanywa kwa 641 ina baki la −1, na ikipandishwa kwa kipeo cha 4 baki linakuwa 1, hivyo 5⁴ × 2²⁸ hubakiza 1. Kutokana na sura ya pili, 5⁴ na −2⁴ zina baki moja, kwa hiyo ya kwanza inaweza kubadilishwa kwa ya pili. Zao linalopatikana ni −2³², nalo linabakiza 1, na hivyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Ni nadra kwa hoja ya hisabati kuwa fupi kiasi hiki na bado kugusa namba ya mabilioni.

Kigawo cha pili, 6,700,417, nacho ni tasa, na kanuni ya Lucas hulithibitisha hilo kwa gharama ndogo. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kigawo chochote tasa cha namba hiyo ni kigawo cha F₅ pia, kwa hiyo lazima kizidi kigawe cha 128 kwa 1. Namba tasa za aina hiyo zilizo chini ya mpaka huo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki ya 6,700,417 ikigawanywa kwa hizo, kwa mpangilio huo huo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri hata moja, na shauri limekwisha.

Baada ya hapo, kuiainisha namba hii kwa njia za kawaida hakuchukui muda. Ni witiri, kwa sababu inazidi namba shufwa kwa 1. Tarakimu yake ya mwisho ni 7, kama ilivyo kwa kila namba ya Fermat kuanzia 17. Ina vigawo vinne tu, ambavyo ni 1, 641, 6,700,417 na yenyewe, na kwa kuwa vigawo vyake tasa ni viwili visivyorudiwa, haigawanyiki kwa mraba wowote mkubwa kuliko 1. Wagiriki wa kale walizigawa namba kwa kujumlisha vigawo vyake visivyo yenyewe, wakaita kamilifu zile ambazo jumla hiyo inalingana nazo, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, na pungufu zile ambazo jumla haizifikii. Kwa F₅ jumla ni 6,701,059, ambayo haifiki hata sehemu moja ya mia sita ya namba yenyewe, na hivyo ni pungufu mno.

Uainishaji ulio na utajiri zaidi ni ule wa miraba. Euler alithibitisha kauli nyingine ya Fermat, kwamba namba tasa inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili, na kwa njia moja tu. F₅ inabakiza 1 ikigawanywa kwa 4, na kwa kuzaliwa kwake tayari ni jumla ya miraba miwili, 65,536² + 1². Ikiwa ipo njia ya pili, basi namba hiyo haiwezi kuwa tasa, hata kama hakuna kigawo kilichoonekana bado. Na njia ya pili ipo:

4,294,967,297 = 62,264² + 20,449²

Hizo njia mbili hazikutokea kwa bahati. Vigawo vyote viwili vya F₅ ni jumla ya miraba miwili, kwa kuwa 641 ni 25² + 4² na 6,700,417 ni 2,556² + 409², na iko kanuni iliyojulikana tangu zama za Brahmagupta, mwanahisabati wa Bara Hindi wa karne ya 7, inayoonyesha kwamba zao la jumla mbili za namna hiyo ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutoa 25 × 2,556 + 4 × 409, ambayo ni 65,536, pamoja na 25 × 409 − 4 × 2,556, ambayo ni 10,225 kutoa 10,224, yaani 1. Njia ya pili, kwa kubadilisha alama za kujumlisha na kutoa, hutoa 62,264 na 20,449. Mtu akitazama jinsi 10,225 na 10,224 zinavyokaribiana, ataona kwamba kuwepo kwa F₅ katika sura yake rahisi kumetegemea ukaribu huo wa 1. Na mtu aliyekuwa na njia mbili za miraba bila kujua vigawo angeweza kurudi nyuma: tofauti ya 65,536 na 62,264 ni 3,272, tofauti ya 20,449 na 1 ni 20,448, kila moja inagawanyika kwa 8, na majibu ya mgawanyo huo ni 409 na 2,556, ambazo miraba yake ikijumlishwa hutoa 6,700,417.

Sifa nyingine ya F₅ ni onyo kwa anayetaka kupima utasa kwa haraka. Kanuni ya Fermat inasema kwamba namba ikiwa tasa, 2 ikipandishwa kwa kipeo cha namba hiyo kutoa 1 lazima ibakize 1, na wapo waliotumaini kwamba kinyume chake pia ni kweli, kwamba kila namba witiri inayofaulu kipimo hicho ni tasa. F₅ inafaulu, kwa sababu 2⁶⁴ inabakiza 1 na kipeo kinachohitajika, 2³², ni kigawe cha 64. Zipo namba zinazoitwa tasa bandia kwa sababu hii, na namba zote za Fermat zisizo tasa zimo humo. Dawa ni kubadilisha 2 kwa 3. Mwaka 1877 padri Mjesuiti wa Ufaransa, Théophile Pépin, alionyesha kwamba namba ya Fermat kubwa kuliko 3 ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha nusu ya namba hiyo kutoa 1 inaacha baki la −1. Kwa F₅ kipimo hiki kinataka 3 ipigwe mraba mara 31 mfululizo, kila mara likibakizwa baki tu, na jibu la mwisho halitoki −1. Hukumu inapatikana bila 641 kutajwa.

Majirani wa namba hii nao wana habari. Inayoitangulia, 2³², ni idadi ya maneno yote yanayoweza kuundwa kwa nafasi 32 za 0 na 1, na ndiyo sababu anwani za mtandao wa intaneti za toleo la nne, zenye nafasi 32, haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Iliyo nyuma ya hiyo, 4,294,967,295, ni zao la namba tano za kwanza za Fermat, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, na zao hilo ndilo linaloonyesha kwa nini F₅ haishiriki kigawo na yoyote kati ya hizo: chochote kinachoigawa F₅ na mojawapo ya tano hizo kingepaswa kuigawa pia tofauti ya F₅ na zao hilo, ambayo ni 2, na F₅ ni witiri.

Zao hilo lina cheo katika jiometria. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na umri wa miaka 18, aligundua kwamba umbo la pembe 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu, jambo ambalo hakuna aliyelijua tangu enzi za Wagiriki, na katika kitabu chake cha 1801 alieleza kwamba umbo lenye idadi witiri ya pembe huchorwa hivyo ikiwa idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat au zao la namba tasa tofauti za Fermat; mwaka 1837 Pierre Wantzel alithibitisha kwamba hakuna idadi nyingine inayowezekana. Johann Gustav Hermes alitumia miaka kumi kuandaa maelezo ya mchoro wa pembe 65,537, na maandiko yake, aliyoyakamilisha mwaka 1894, yamehifadhiwa Göttingen. Kwa namba tasa tano zinazojulikana hupatikana idadi witiri 31 za pembe, na kubwa kuliko zote ni 4,294,967,295. Umbo la pembe 4,294,967,297, lenye pembe mbili tu zaidi, halichoreki kwa vyombo hivyo, kwa kuwa 641 si namba ya Fermat.

Baada ya F₅ msururu haukutoa tena namba tasa hata moja iliyothibitishwa. Mwaka 1880 Fortuné Landry alionyesha kwamba F₆ ni 274,177 × 67,280,421,310,721, na hapo pia kanuni ya Lucas, ambayo kwa F₆ hutumia 256, inaonekana, kwani 274,177 ni 1,071 × 256 + 1. F₇, yenye tarakimu 39, ilisubiri hadi 1970, ilipotenganishwa na Michael Morrison na John Brillhart kwa msaada wa kompyuta. Vigawo tasa vyote vinajulikana hadi F₁₁, na kila namba kuanzia F₅ hadi F₃₂ imethibitika kuwa si tasa, ingawa F₂₀ na F₂₄ zimethibitika kwa kipimo cha Pépin peke yake bila kigawo chochote cha namba hizo kuonekana. Ya kwanza ambayo aina yake haijaamuliwa ni F₃₃, yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5; vigawo vyake, kama vipo, lazima vizidi kigawe cha 2³⁵ kwa 1, na wanaovitafuta hugawanya kwa kufuata safu hiyo, hatua kwa hatua, kwa sababu kipimo cha Pépin juu ya namba ya ukubwa huo kinataka miraba zaidi ya bilioni nane ya namba zenye mabilioni ya tarakimu.